Barua ya wazi kwa wasimamizi wa uchukuzi wa mizigo: kila kosa limeandikwa kwenye namba ya gari

Uyole, Mbeya

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya uchukuzi wa barabara, usalama barabarani, udhibiti wa uzito wa magari, na kazi na ajira.

YAH: WAMILIKI WADOGO WA MALORI NA MADEREVA WALIOWAAJIRI KATIKA BARABARA YA DAR ES SALAAM HADI TUNDUMA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima inayostahili nafasi zenu. Mimi ni mmiliki wa malori matano. Yanapakia Dar es Salaam, yanapita Chalinze, Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa na Makambako hadi hapa Mbeya, kisha yanavuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Kurudi yanabeba shaba ikipatikana. Isipopatikana yanarudi matupu hadi huku nyanda za juu kutafuta mbao au mahindi. Nimeajiri madereva watano na utingo wao. Wamiliki wa namna yangu tuko wengi katika barabara hii: mtu ana lori moja, mawili, pengine sita, moja ameshamaliza kulilipia na mengine bado yako kwenye mkopo wa benki.

Kabla ya kuja hadharani nilipita milango iliyokuwepo. Niliandika barua nikazipeleka kwa mkono, nakala zangu zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilihudhuria mikutano ya wadau, hoja zetu zikaandikwa, tukaambiwa zimechukuliwa na zitafanyiwa kazi. Hakuna jibu lililorudi, hata la kukataa. Ndiyo maana naandika mbele ya kila mtu. Sina nia ya kumvunjia heshima yeyote, na sitataja ofisi wala kampuni, kwa kuwa ninayoyaeleza si ya sehemu moja tu.

Ninacholalamikia ni hiki: usimamizi wa uchukuzi wa mizigo umefungwa kwenye namba ya gari. Aliyepakia vibaya hatafutwi. Aliyeshikilia malipo kwa miezi haulizwi. Dereva aliyekosa anahamia kwa mwajiri mwingine, na dereva aliyekosewa hana pa kupeleka shauri lake. Mwisho wa safari kinachoonekana kwenye mifumo yenu ni namba ya gari, na nyuma ya namba hiyo yupo mtu mmoja ambaye mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote walioshiriki katika safari ile.

1. Faini ya dereva inabaki na gari

Lori zito halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa barabara kuu, na 50 kwenye makazi ya watu. Dereva akizidisha, aadhibiwe. Katika hilo sina ugomvi na mtu, kwani najua lori lenye shehena likikosa breki linafanya nini kwenye mteremko wa Iwambi, na watu wa Mbalizi wanajua zaidi yangu.

Tazameni sasa adhabu hiyo inavyotembea. Dereva anaandikiwa faini ya shilingi 30,000 akiwa mamia ya kilomita kutoka nilipo. Pengine ananiambia, pengine hasemi. Anaandikiwa nyingine, na nyingine. Siku moja anaacha kazi kwangu na kuchukua lori la mtu mwingine. Lori langu linasimamishwa njiani likiwa na dereva mpya asiyejua lolote, linakutwa na madeni, linazuiwa mpaka yote yalipwe, na mzigo wa mteja unakaa juani. Nalipa, kwa kuwa kila saa ya kusimama inanigharimu kuliko faini yenyewe. Yule aliyekimbiza gari yuko barabarani, leseni mfukoni, hadaiwi hata senti.

Siwezi kumkata mshahara mtu ambaye si mfanyakazi wangu tena. Hata angekuwepo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara ovyo, na iko sahihi. Lakini wakati faini inaandikwa, dereva alikuwa na leseni, na leseni ina namba. Kwa nini basi linalozuiwa ni gari? Dereva anayejua kwamba mwendo wake utalipiwa na mwingine hana sababu ya kubana mguu. Hapo faini imeshaacha kazi iliyoletewa, ya kuokoa maisha.

2. Uzito: anayepakia hayumo kwenye hesabu

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inayotumika hapa nchini tangu 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na vikomo vingine kwa kila kundi la ekseli, yaani mihimili ya magurudumu. Naiunga mkono. Kwenye milima ya barabara hii, pale malori yanapopanda polepole, lami imekatika mifereji miwili kufuata tairi, na gari dogo likitumbukia humo usukani unamshinda dereva. Ni uzito ndio uliofanya vile.

Lakini kontena linafikaje kwenye tela langu? Limejazwa nje ya nchi na kufungwa lakiri. Kama ni mzigo unaopita kwenda nchi jirani, lakiri ile iko chini ya forodha na dereva wangu hathubutu kuigusa. Uzito wa jumla kwa kawaida unajulikana: tangu Julai 1, 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kontena lenye mzigo liwe na uzito uliothibitishwa kabla ya kupakiwa melini. Kitu kisichoandikwa kwenye karatasi yoyote ni jinsi mzigo ulivyopangwa ndani. Tani za jumla zinaweza kuwa halali kabisa, huku mashine zote nzito zimerundikwa nyuma na ekseli za tela zimezidi. Dereva analijua hilo anapokanyaga mzani wa kwanza. Anaambiwa apange upya mzigo ambao haruhusiwi kuufungua, au mwenye gari alipe. Mwenye gari analipa. Aliyepanga kontena yuko bara jingine, wakala aliyelitoa bandarini amekwisha kuchukua chake, na mwenye mzigo anauliza mbona gari limechelewa.

Kwa mizigo ya mifuko hali ni nyingine, na kwangu inaumiza zaidi kwa sababu hapo mpakiaji yuko mbele ya macho yetu. Dereva wangu mmoja aliwahi kukataa kutoka ghalani na mbolea iliyozidi. Alihesabu mifuko, akaona, akasema ishushwe. Akawekwa getini siku nzima. Jioni mzigo ule ulipewa gari la mtu mwingine, na mteja yule hajanipigia simu tena. Dereva wangu alifanya kile ambacho sheria inamtaka afanye. Yeye alikosa safari na posho yake, mimi nikakosa mteja, na ghala lile liliendelea kupakia kama lilivyozoea. Siku hiyo hakukuwa na namba ya kupiga simu ambayo ingemlinda mtu yule. Namba za kumshtaki zipo.

3. Tunaajiri bila kumjua tunayemwajiri

Leseni ya daraja E inaniambia kwamba mtu anaruhusiwa kuendesha lori. Hainiambii kama ameshawahi kulivusha mlima wa Kitonga, kama amewahi kupindua, kama alimrudishia mwajiri wake wa mwisho gari likiwa zima. Nachoweza kufanya ni kumpigia simu mmiliki mwenzangu, akipenda atanijibu kweli, asipopenda atamsifia ili amwondoe kwake.

Lori lenye shehena kamili linatumia karibu lita moja ya dizeli kwa kila kilomita mbili. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kukatiza Zambia hadi Kasumbalesa, mpakani na Kongo, ni kama 1,000 nyingine. Maana yake, kwenda peke yake ni karibu lita 1,000. Madumu machache yakinyonywa njiani, na mengine ng'ambo, faida ya safari imekwisha na mimi sina ushahidi. Naambiwa milima ilikuwa mikali na foleni ilikuwa ndefu, na kweli huwa mikali na huwa ndefu. Tairi jipya linarudi likiwa kuukuu. Turubai linarudi nusu. Kuna dereva aliyeliacha gari langu ng'ambo ya mpaka, akamkabidhi utingo ufunguo, akapanda basi kurudi nyumbani. Baada ya muda si mrefu nikamwona akiendesha kwa tajiri mwingine, ambaye hakuwa na mahali popote pa kuuliza habari zake.

Wa kwanza kuumizwa na hali hii, kuliko hata sisi, ni madereva wazuri, na hilo halisemwi. Ninaye dereva ambaye amekula zaidi ya miaka ishirini katika barabara hii. Hajaua mtu, hajapoteza mzigo, anajua kusikiliza injini na kuniambia tatizo kabla fundi hajafungua boneti. Akihama kesho ataomba kazi akiwa na leseni ya daraja lilelile aliyonayo kijana aliyefuzu mwezi uliopita. Uaminifu wake wote haukuandikwa popote. Mwajiri mpya atampa mshahara wa kuanzia, atamshuku kama anavyowashuku wengine, na atamhesabia lita.

Kumbukumbu ya dereva ikiwekwa, iwekwe kwa haki. Dereva aione, aipinge pale anapoonewa, na mwajiri asiweze kuandika tuhuma bila uthibitisho. Nawajua wenzangu, wapo watakaoigeuza kuwa fimbo ya kumtishia mtu anayedai mshahara wake. Hilo nalo lizuiwe tangu mwanzo.

4. Dereva analala wapi?

Sheria yetu ya kazi inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada zina kikomo na malipo yake. Nimeuliza mara nyingi: dereva aliyekaa foleni ya mpaka tangu alfajiri hadi usiku, anasogea mita kumi, anazima, anawasha, anasogea tena, yuko kazini au amepumzika? Sijapata wa kunijibu. Mimi nikimhesabia yuko kazini, saa zake za wiki zinakwisha siku ya tatu akiwa bado hajavuka. Nikimhesabia amepumzika, namdhulumu, kwani mtu yule hajafumba jicho.

Na akitaka kupumzika, apumzike wapi? Kati ya Morogoro na Tunduma dereva analala pale usiku unapomkuta. Kando ya lami. Kwenye kituo cha mafuta kwa hisani ya mwenye kituo. Kwenye kiwanja cha mama lishe, ambapo angalau kuna taa na watu. Akilala usingizi wa kweli anaamka tangi limenyonywa, betri imeng'olewa au turubai limechanwa. Wengine hupeana zamu ya kulinda na utingo, na utingo ni kijana ambaye naye mchana kutwa alikuwa chini ya gari. Asubuhi watu hawa wawili, ambao hawakulala, wanateremka Kitonga na shehena nzima, wakipishana na mabasi ya abiria kwenye kona ambazo lori moja likikwama hufunga barabara kwa saa nyingi.

Tunaona kazi inayofanyika kwenye barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Uwanja wa Ndege wa Songwe, kilomita 29, na sisi wakazi wa Mbeya tunaishukuru. Ninachouliza ni kwa nini katika mipango ya kupanua barabara kuu hatusikii habari za maegesho ya malori yenye uzio, taa, choo, maji ya kuoga na mlinzi. Hatuombi bure. Dereva wangu akipata mahali pa kulala kwa amani, nitalipa kila usiku, na hesabu yangu bado itakuwa nzuri kuliko ya kununua betri na dizeli iliyoibwa.

5. Malipo yanayocheleweshwa yanazaa nusu ya matatizo haya

Hii ndiyo hoja ambayo nikiizungumza kwenye mikutano huwa naambiwa haihusiani na usalama barabarani. Inahusiana sana.

Mmiliki mdogo ni mara chache kukutana na mwenye mzigo. Mwenye mzigo anampa wakala, wakala anampa kampuni kubwa ya usafirishaji, kampuni ikizidiwa inampa dalali, dalali ananipigia mimi. Kila mmoja amekata chake. Ninachopewa mbele ni kiasi cha kununulia mafuta, mara nyingine hata hakitoshi. Kilichobaki nitalipwa baada ya dereva kurudi na hati ya kupokelewa mzigo yenye muhuri, na baada ya hapo nahesabiwa siku 60, siku 90, na zikifika naambiwa mhasibu amesafiri. Muhuri ukififia kwa mvua, nianze upya.

Huku upande wangu hakuna anayesubiri. Dizeli ni fedha taslimu, na bei yake ya kikomo hutangazwa upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwaka 2022 ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kukubaliana nauli kwa bei ya zamani. Posho ya dereva ni taslimu. Ushuru wa barabara Zambia ni taslimu. Rejesho la benki lina tarehe yake. Kinachobaki cha kucheleweshwa ni mshahara wa dereva, na ndicho wamiliki wengi tunachochelewesha.

Sasa mfikirieni huyo dereva. Yuko mbali na nyumbani, mke amempigia kwamba mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, mshahara wa mwezi uliopita hajauona, na ana tangi lenye mamia ya lita za dizeli chini yake. Mtu mwenye dumu na mpira amesimama dirishani na noti mkononi. Wizi ni wizi na siutetei. Lakini mkitaka kujua unakoanzia, fuateni ankara yangu mpaka kwenye meza ilipolala tangu miezi mitatu iliyopita.

Ni hivyo hivyo kwa mwendo. Wamiliki wengi wadogo wanamlipa dereva kwa safari, kwa kuwa hawana uhakika wa fedha ya kila mwezi. Dereva anayelipwa kwa safari anakimbilia safari inayofuata. Hapo tunamsimamisha tunamwandikia faini, na mwenye mzigo aliyeanzisha haraka hiyo hatajwi.

6. Kusubiri mpakani hakuna mlipaji

Nitasema kwa ufupi, kwani najua mipaka ya majirani haiko mikononi mwenu. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kimesaidia. Kasumbalesa bado ni kilio. Agosti 2024 Zambia ilipofunga kwa muda mipaka yake na Kongo katika mzozo wa kibiashara ulioanzia kwenye bia na vinywaji baridi, malori yalikwama, na hakuna mteja wangu aliyelipa hata siku moja ya kusubiri. Dereva alikula kwa fedha yangu ilipokuwepo; ilipokwisha alikula kwa mkopo wa mama muuza chakula asiyemjua. Malipo ya siku za kusubiri yawe sehemu ya lazima ya mkataba wa kubeba mzigo, na hilo linaweza kuamuliwa hapa hapa nchini.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia.

Mtasema wajibu wa uzito ni wa msafirishaji. Sijaukimbia wajibu wangu. Nasema ghala linalopakia kupita kiasi na wakala anayetoa kontena nao wana mikono, na mzani unaokamata gari moja baada ya jingine kutoka ghala lilelile una taarifa za kutosha kujua tatizo liko wapi.

Mtasema tufunge GPS, kifaa cha kufuatilia gari kwa satelaiti. Nimefunga kwenye malori yote matano. GPS inaniambia gari lilisimama saa mbili mahali fulani. Haiwezi kuniambia kama dereva alikuwa anauza mafuta, anabadilisha tairi au amelala kwa uchovu. Madereva wa mabasi wanafuatiliwa mwendo na mamlaka, na taarifa zile zina maana kwa sababu kuna mtu anayezipokea na kuzichukulia hatua. Sisi kila mmoja anatazama simu yake peke yake usiku.

Mtasema wamiliki wenyewe hawawapi madereva mikataba. Ni kweli kwa wengi, na ni aibu yetu kama kundi. Wekeni mfano wa mkataba wa dereva wa lori, wa Kiswahili, wa kurasa mbili, unaotaja mshahara, posho ya kila safari, saa za kuendesha, matibabu akiwa nje ya nchi, na utaratibu wa kurudishwa nyumbani gari likiharibika ng'ambo. Kisha mkaguzi akisimamisha lori, aulize na huo mkataba kama anavyouliza bima. Atakayepinga ajulikane.

Mtasema malipo ni makubaliano binafsi. Mshahara wa mfanyakazi nao ni makubaliano binafsi, na bado serikali imeweka kima cha chini na muda wa kulipa, kwa kuwa iliona upande mmoja hauna nguvu ya kusema hapana. Mwenye lori mbili mbele ya kampuni kubwa hana nguvu hiyo.

Na wengine watasema tusubiri, reli inakuja. Reli ya kisasa iendelee, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita zake 1,860, irudi kufanya kazi iliyojengewa miaka ya sabini. Mzigo mzito wa masafa marefu unastahili kupanda treni. Lakini kontena halitashuka mlangoni kwa mwenye mbolea wa Vwawa kwa treni. Litahitaji lori, na lori litahitaji dereva aliyelala.

Ninachoomba ni haya.

Faini iandikwe kwenye leseni ya aliyekuwa akiendesha, na mwenye gari apate ujumbe siku hiyo hiyo. Leseni isihuishwe mpaka deni lilipwe. Kosa la ubovu wa gari libaki kwangu, hilo ni langu.

Anayepakia atoe hati ya uzito na ya mpangilio wa mzigo, aisaini, na gari likizidi kwenye mzani wa kwanza bila lakiri kuguswa, yeye na mwenye mzigo wawajibike. Dereva anayekataa kupakia kupita kiasi apewe namba ya kupiga simu inayopokelewa.

Iwepo kumbukumbu ya kazi ya madereva wa malori, ya haki kwa pande zote, na ianze kwa kukaa na madereva wenyewe.

Muda wa juu wa kumlipa msafirishaji baada ya hati ya kupokelewa mzigo uwekwe kisheria. Siku 30 zinatosha. Na malipo ya siku za kusubiri yaandikwe humo.

Maegesho ya kulala yajengwe, angalau moja kati ya Morogoro na Iringa na jingine kati ya Makambako na Tunduma, hata kama mtawapa watu binafsi wayaendeshe.

Mkutano wa kuyajadili haya msiufanyie Dar es Salaam wala Dodoma. Njooni Makambako au Tunduma, mahali ambapo madereva wanasimama, na muwaite pamoja na wamiliki wadogo. Mkitaka kujua barabara hii inavyofanya kazi, wao wanaweza kuwaeleza kuliko mimi. Nami ninazo nakala za barua zangu za awali zenye mihuri yenu, nitakuja nazo.

Naomba jibu la maandishi, hata likiwa la kukataa hoja hizi moja baada ya nyingine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki wa malori matano,
Uyole, Mbeya